Muda na Nafasi: Mhadhara kwa Vijana Wanaotaka Makuu



Nimeombwa niseme juu ya kutaka makuu na kufanikiwa, nikapewa dakika 40. Mwenyekiti amenionya kwamba saa saba kamili chakula kitakuwa tayari. Nimefundisha miaka 34, na sijaona mhadhara ulioishinda harufu ya pilau, kwa hiyo nitajitahidi.

Nianze na maneno, maana yamenisumbua wiki nzima. Nilitafuta neno la Kiswahili la kumtaja mtu anayetaka kufika mbali, neno lisilomtukana wala kumsifu, nisilipate. Ukisema fulani ana tamaa, umeshamhukumu. Ukisema anataka makuu, ni jirani unayengoja aanguke. Uchu ni wa fisi. Ukivuka upande wa pili unaikuta ari, nayo ni sifa tupu, hata ikabebwa kwenye kampeni ya uchaguzi ya mwaka 2005: ari mpya, nguvu mpya, kasi mpya. Katikati hapo nimeona patupu. Methali nazo zinagombana. Moja inakwambia mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Ukiinuka kwenda upwani, nyingine inakuita nyuma: tamaa mbele, mauti nyuma. Mtoto anayekulia kati ya methali hizo mbili anajifunza jambo moja, kwamba atake lakini asionekane anataka. Nadhani ndiyo maana wengi wetu tunajenga nyumba kimyakimya na kuhamia usiku.

Ninyi vijana mna maneno yenu. Kutoboa. Kutusua. Lililonishangaza zaidi ni kujipata. Siku ya kwanza mwanangu aliponiambia, "Baba, fulani kajipata," nilidhani huyo rafiki yake ametoka hospitali, au pengine ameokoka. Kumbe kanunua gari. Lipimeni vizuri neno hilo. Mtu alikuwa amepotea, akapata gari, akajiona. Na asiyekuwa nalo mnamwitaje? Nimeuliza, nikajibiwa bila aibu: bado anajitafuta. Mtu mzima, ana akili zake, ana mke na watoto wanaomjua kwa jina, ila yeye hajulikani alipo mpaka benki itoe taarifa.

Sitaki kuwacheka. Sisi wazee tulijitafuta kwenye ukurasa wa gazeti yalikochapwa majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Tofauti ni chombo tu.

Nataka niwatoe hapa, twende uwanjani. Nimechagua riadha kwa makusudi: huko mtu akitaka makuu hawezi kujificha, saa inapiga na watu wanaona.

Ni tarehe 2 Februari 1974, mji wa Christchurch, New Zealand, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Filbert Bayi, kijana kutoka Karatu, ana miaka 20. Wakimbiaji wengi wa mbio hizo walikuwa na desturi ya kujificha ndani ya kundi, wakamwachia mwingine akate upepo, kisha wakafyatuka kwenye mzunguko wa mwisho. Bayi hakuwa na subira hiyo. Bastola ilipolia aliondoka kama anayekimbia nyuki, akawaacha wenzake nyuma kwa umbali uliowafanya wajuzi waamini kwamba atakata pumzi njiani. Hakukata. John Walker, mwenyeji, akishangiliwa na uwanja mzima, alimfukuza mpaka mstarini asimpate. Saa ikasoma dakika 3 na sekunde 32.16. Rekodi ya dunia, mkononi mwa Mtanzania.

Hadithi hii tukiisimulia nyumbani huwa tunaikata hapo, tukapiga makofi. Leo naomba tuwatazame waliomfuata. Rekodi ya zamani, ya Jim Ryun wa Marekani tangu 1967, ilikuwa dakika 3 na sekunde 33.1. Walker alimaliza kwa 3:32.52. Fanyeni hesabu. Walker naye aliivunja rekodi ya dunia, kwenye mbio zilezile, na akashindwa. Nyuma yake alikuja Ben Jipcho wa Kenya kwa 3:33.16, muda uliokaribiana sana na ile rekodi ya zamani, na Jipcho huyo, kwenye michezo hiyohiyo, alishinda mita 5,000 na mbio za kuruka viunzi na maji. Kapata shaba.

Hebu niambieni, Walker siku ile alifanikiwa au alifeli?

Naona mnagawanyika. Mnagawanyika kwa sababu swali langu limechanganya vitu viwili, na kuchanganya huko ndiko kunakotuumiza. Kuna muda na kuna nafasi. Muda ni ulivyokimbia wewe. Nafasi ni ulivyokimbia wewe ukijumlisha na nani mwingine aliamka vizuri siku hiyo. Kiswahili kimelitendea haki neno nafasi: ni namba uliyoshika, ni fursa ya kazi, na ni pahali pa kukalia kwenye daladala. Zote tatu zina tabia moja. Ukiichukua wewe, mwenzako atasimama. Muda hauna tabia hiyo. Walker hakumnyang'anya Bayi hata nukta moja.

Kuna kijana pale nyuma anatikisa kichwa. Naijua hoja yako, mwanangu, na una haki. Utaniambia: Mwalimu, muda hauliwi. Kinacholiwa ni nafasi. Mwezi Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili, wakaja zaidi ya 10,000 kugombea nafasi 70, ikabidi usaili wao ufanyikie Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Kaka yako pengine alikuwa jukwaani siku hiyo, na bahasha yake ya vyeti mapajani. Ningemwendea kumwambia habari za Christchurch, angekuwa na haki ya kunirushia kiatu. Kwa hiyo sisemi nafasi si kitu. Igombanie. Vaa shati ulilopiga pasi, uwahi, ujibu maswali. Ninachosema ni kwamba watu zaidi ya 9,900 walitoka uwanjani pale bila kazi, na haiwezekani wote wawe walikuwa wabovu. Wengi wao walikimbia 3:32.52. Aliyerudi nyumbani akisema sikupata, atalala na kuamka na kujaribu tena. Aliyerudi akisema mimi si kitu, huyo amebeba nafasi ya watu 70 akaifanya kipimo cha utu wake.

Nirudi kwa Bayi, maana makuu yake hayakuishia Christchurch. Tarehe 17 Mei 1975, Kingston, Jamaika, alivunja rekodi ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0. Iliishi chini ya miezi mitatu. Tarehe 12 Agosti mwaka huohuo, Walker yuleyule alikimbia maili kwa 3:49.4 huko Göteborg, akawa mtu wa kwanza kushuka chini ya 3:50. Dunia nzima ikaanza kungoja Montreal 1976, Bayi na Walker uso kwa uso.

Haikuwa. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, mwaka uleule ambao watoto wa Soweto walipigwa risasi mwezi Juni. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki, haikuondolewa, na zaidi ya nchi 20 zikagoma, Tanzania ikiwa miongoni mwa vinara. Bayi akabaki. Walker akatwaa dhahabu ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 39.17, muda wa kawaida mno kwa watu wale.

Nimesikia watu wakisema siasa ilimwibia Bayi. Mimi siwaungi mkono, ingawa roho iliniuma wakati ule na inaniuma hata sasa. Kuna mambo makubwa kuliko medali ya mtu mmoja, na damu ya watoto ni mojawapo. Hata hivyo nataka muone ukatili wa jambo lenyewe. Mtu amejiandaa miaka, mwili uko tayari, halafu nafasi inaondolewa na uamuzi ambao yeye hakuombwa ushauri juu yake. Kama makuu ya Bayi yalikuwa ni ile dhahabu na si kitu kingine, maisha yake yaliisha Julai 1976.

Hayakuisha. Alihamia mbio nyingine, zile za mita 3,000 za viunzi na maji, na mwaka 1980 akafika nazo Olimpiki ya Moscow. Unadhani alikuwa amejifunza kujificha kwenye kundi? Thubutu! Aliongoza tena kwa pengo kubwa, mpaka mzunguko wa mwisho Mpolandi Bronisław Malinowski alipomkamata na kumpita. Fedha. Suleiman Nyambui naye alipata fedha ya mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, na hizo mbili ndizo medali za Olimpiki ambazo nchi hii inazo mpaka ninaposimama hapa. Wapo wanaosema Bayi angekimbia kwa hesabu siku ile angepata dhahabu. Huenda. Lakini mwendo uliompotezea dhahabu ya Moscow ndio huohuo uliompa rekodi ya Christchurch. Ulikuwa wake. Baadaye alianzisha shule, akatumikia Kamati ya Olimpiki kwa miaka mingi, na wapo watoto Kimara na Kibaha wanaolijua jina lake kwa sababu limeandikwa kwenye sare zao kabla ya kulijua kwa sababu ya mbio.

Jipcho nisimwache. Miaka sita kabla ya Christchurch, Mexico City 1968, fainali ya mita 1,500. Kipchoge Keino wa Kenya anapambana na Ryun, ambaye hupendelea mwendo wa taratibu na kufyatuka mwishoni. Jipcho, kijana bado, alitoka na mzunguko wa kwanza wa kasi ya kichaa, kwenye mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako pumzi yenyewe ni ya kukopa. Alimvutia Keino mwendo ambao Ryun hakuuweza. Keino akatwaa dhahabu kwa karibu sekunde tatu. Jipcho akamaliza wa 10. Kwenye orodha ya matokeo yeye ni namba tu ya chini. Lakini ile dhahabu ya Kenya, mtu akiipasua ndani, atakuta mzunguko mmoja wa Jipcho. Ninyi mnaosomeshwa kwa ng'ombe wa mjomba na mkopo wa kikoba cha mama mnaelewa ninachosema kuliko vitabu vinavyouzwa barabarani vya kujiamini na kujipenda. Huku kwetu hakuna anayekimbia peke yake. Kuna mtu alikimbia mzunguko wa kwanza kwa ajili yako, naye yuko nyumbani, wa 10. Hilo ni deni, na deni ni zito. Nimeona vijana wakivunjika chini yake, wakikopa ili waonekane wamefika, wasimwangushe mjomba. Wengi wa hao wajomba wangefurahi zaidi kupigiwa simu na kuambiwa ukweli.

Olimpiki hiyohiyo ya Mexico ilikuwa na mtu wetu mwingine, na hapa nitasema jambo ambalo huenda halitawapendeza wote. John Stephen Akhwari wa Mbulu. Hadithi yake mmefundishwa: alianguka kwenye marathoni, akaumia goti, akaendelea, akaingia uwanjani giza limeanza kuingia na watu wengi wameshaondoka, mguu umefungwa bandeji. Saa 3, dakika 25 na sekunde 27, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, yeye wa 57.

Tumemgeuza Akhwari kuwa dawa ya kutuliza maumivu. Timu ikifungwa, tunamtaja. Mtoto akifeli, tunamtaja. Tunasema, unaona, kushiriki ndiko kushinda. Sikubaliani. Akhwari hakwenda Mexico kushiriki. Alikuwa mkimbiaji mkali aliyekwenda kupambana na wakali wenzake, na ushahidi upo: miaka miwili baadaye, Edinburgh 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, alimaliza marathoni wa tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Hilo hatulisimulii, kwa sababu halituliwazi. Mtu aliyeridhika na kushiriki asingekuwa na sababu ya kuendelea na goti lile. Angepanda gari la wagonjwa, kwani kushiriki alikwishashiriki. Kilichomvuta mpaka mstarini ni makuu yaleyale yaliyompeleka. Nafasi ilishapotea kilomita nyingi nyuma. Kazi ilikuwa haijaisha.

Kwa hiyo mtu asitoke hapa akasema Mwalimu katuambia turidhike. Kuridhika kwingine ni uvivu uliovaa kanzu. Nawaomba mtake sana. Ninachouliza ni kwamba, mkishataka, kipimo mnampa nani akishike.

Septemba 2025 wengi wenu mliiona marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo. Alphonce Simbu wetu na Amanal Petros wa Ujerumani walifika mstarini pamoja, wote saa 2, dakika 9 na sekunde 48, ikabidi picha iamue. Tofauti ilikuwa sehemu tatu za mia za sekunde, baada ya kilomita 42. Tulirukaruka, na mimi na goti langu hili niliruka. Usiku nikawaza: picha ingeonyesha kinyume, Simbu angekuwa mtu gani? Angekuwa amekimbia vilevile, kwa mazoezi yaleyale na moyo uleule. Sisi ndio tungekuwa tofauti. Tungesema alikaribia, tukabadilisha chaneli.

Nafasi hutupima hata shuleni. Mwanzoni mwa 2023 Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, liliacha kutaja shule na watahiniwa kumi bora. Walimu wengi walinung'unika, mimi nikiwemo, kwa sababu shule yangu iliwahi kufaidi orodha hizo. Mabango hayajaisha, kila shule inajitengenezea kumi bora yake. Lakini uamuzi ule ulinirudisha kwenye kosa langu mwenyewe, na nadhani ninalo deni la kulisema hapa, maana nimewasema wengine vya kutosha.

Binti yangu alipata daraja la pili. Alikuja na simu mkononi, anatetemeka, anacheka. Nikasoma, nikamuuliza, "Wa kwanza darasani kwenu ni nani?" Akanitajia. Nikasema, "Aha." Basi. Jioni ile hakula, mama yake ndiye aliyeniambia sababu, nami nikabisha kwamba sikusema neno baya. Na kweli sikusema. Mwaka ule nilikuwa nimepewa ukuu wa shule, nafasi niliyoitamani miaka 11, na mwezi wa pili tu kwenye kiti kile nilikuwa nimeanza kutazama kiti cha ofisi ya elimu mkoani. Sikuwa namchukia mtoto. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba duniani kuna swali jingine la kuuliza. Ningeweza kumuuliza swali gani la hesabu lilimpa shida. Alikuwa amelipata, alinieleza miaka mingi baadaye, lile la mwisho kabisa, la trigonometria, alilokesha nalo mwezi mzima. Hakuna aliyemuuliza.

Tangu nistaafu ninalo kauntabuku, mke wangu huliita la uchawi. Kila Jumapili jioni nachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto naandika nilichofanya juma hilo na kama nilikifanya vizuri kuliko nilivyokifanya zamani. Kulia naandika aliyenisifu. Mwanzoni upande wa kulia ulinitia aibu kwa jinsi nilivyoukumbuka upesi, majina na maneno na saa, wakati wa kushoto ilibidi nikune kichwa. Siku hizi inakwenda kinyume. Jumapili iliyopita kushoto kulikuwa na mistari saba: miche ya parachichi niliyoipandikiza ikashika, sura moja ya kitabu cha sarufi niliyoifuta yote kwa sababu ilikuwa mbovu, na mengine ya namna hiyo. Kulia kulikuwa na jina moja tu, la mjukuu wangu wa miaka sita, aliyezisifu sana chapati ambazo kwa hakika sikuzipika mimi.